Tisa ya Huruma

1

Kiti cha Redempta kilivunjika mguu saa mbili na nusu asubuhi, na kabla hakijavunjika kiliombwa radhi.

"Samahani kwa usumbufu," ilisema sauti kutoka chini ya meza, laini, yenye adabu kama ya dada wa mapokezi. "Nyuzi zinapata joto. Utahisi kuvutwa kidogo."

Redempta Hango hakuhisi kuvutwa kidogo. Alihisi kwenda chini. Mguu wa nyuma wa kiti ulilia ngwee, ukapinda, ukakatika, na yeye akajikuta amekaa sakafuni, kikombe kiko mkononi, chai imehamia kwenye sketi. Pembeni ya goti lake kipande cha mti kilikuwa kimevaa soksi ya kijivu, na ile soksi ilikuwa bado inakivuta.

"Hongera," ilisema soksi. "Unaendelea vizuri sana."

Upande wa pili wa chumba, Kitundu alikuwa amejilaza juu ya meza yake, anacheka mpaka machozi.

"Wewe Kitundu, una akili kweli?"

"Dada mkubwa, subiri, usikasirike kwanza. Si ile soksi ya mfano waliyotuachia mafundi? Nikasema niijaribu. Nimekiandikia kiti faili kamili! Jina, Kiti Hango. Umri, miaka kumi na sita. Tatizo, M62.47, misuli iliyokakamaa ya kifundo na unyayo. Ikakubali! Haijauliza hata kama mgonjwa mwenyewe ni mninga."

Redempta alijinyanyua akajikung'uta. Alikuwa na miaka kumi na minne ndani ya Chumba cha Misimbo cha hospitali hiyo ya pale Singida mjini, na saba kati ya hiyo alikaa meza moja na Kitundu. Alishakunywa chai ya chumvi. Alishanasa kidole kwenye kile kioo cha kubonyezea gumba, kimepakwa gundi. Kiti kilikuwa kipya kwenye orodha, basi.

"Na upande uliandika upi?"

"Tisa. Kama kawaida yetu."

Hapo alicheka kidogo, bila kupenda.

Kazi ya chumba kile ilikuwa kugeuza maneno ya daktari kuwa namba. Daktari anaandika kwamba fulani misuli ya mguu imekakamaa, kisigino hakigusi chini. Karani wa misimbo anaandika M62.47, halafu namba ya mwisho inataja upande. Moja ni kulia, mbili ni kushoto, tisa ni upande haukutajwa. Msimbo unakwenda kwenye Mfuko wa Bima ya Viungo, na Mfuko unajibu kwa saa: mguu mmoja, saa arobaini za kunyooshwa, usiombe ya arobaini na moja. Ila ikija tisa, Mfuko haujui ni mguu upi, na kanuni yake inasema palipo na shaka usimpunje mgonjwa. Unatoa za miguu yote miwili. Themanini.

Na kila aliyewahi kushika mguu wa mgonjwa alijua kwamba arobaini, kwa mguu uliogoma kweli kweli, ni kumpigia mbuzi gitaa.

Ndipo ilipozaliwa tisa ya huruma. Redempta alifundishwa na wenzake wa mkoa mwingine kwenye semina, wakati wa chai, maana ndiko mambo ya maana ya semina hufundishwa. Daktari Njiku akipata mgonjwa ambaye mguu wake umegoma, anaandika kila kitu na anasahau upande. Anasahau kwa makusudi, kwa mwandiko mzuri. Karani naye ana amri yake moja inayomkinga kuliko mwavuli: kisichoandikwa hakikufanyika. Upande haujaandikwa? Tisa. Mgonjwa anakwenda kwa watu wa viungo na saa zake themanini, anavalishwa soksi ya zamani, ile nzito yenye boksi na swichi, kwenye mguu mbovu, zote themanini humo humo.

Siku hiyo wagonjwa sitini na watatu walikuwa wanaishi kwa tisa. Mmoja wao alikuwa mama mzazi wa Kitundu. Kiharusi kilimwacha na mguu wa kushoto uliojikunja, kisigino kiko vidole vinne juu ya sakafu. Sasa vilikuwa viwili. Kitundu alimpima kila Jumapili kwa vidole vyake mwenyewe, na kila Jumatatu alitangaza matokeo ofisini kama ya ligi.

Ukutani, juu ya birika la umeme, kilining'inia cheti cha pongezi kutoka Mfuko. Hospitali bora, kanda ya kati. Wagonjwa wote wa mguu mmoja waliotibiwa kwa saa arobaini wamepona, asilimia mia moja. Kitundu alishaichorea nembo ya Mfuko masharubu.

2

Sungi Mkhandi aliingia saa nane mchana bila kubisha hodi, kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika ukuta.

Alikuwa mpanda minara. Singida ina upepo usiojua likizo, na siku hizi kila kilima chenye mawe kimesimamishiwa mitambo ya kuuvuna. Kila mnara una lifti, na kila lifti ni mbovu, kwa hiyo kuna watu kama Sungi wanaopanda mita tisini za ngazi, spana kiunoni. Miaka kumi na tisa hakuteleza huko juu hata mara moja. Mguu wa kulia aliuvunjia kwa mama mkwe wake, juu ya stuli, anatundika pazia. Wakamfunga hogo la plasta wiki nane, unyayo umeelekea chini, na walipolikata misuli ya nyuma ilikuwa imeshafupika. Akawa anatembelea vidole kama mtu anayenyatia kuku.

"Samahani, dada. Ndiyo nyie mnaoandika namba?"

"Ndiyo sisi, kaka. Karibu, kaa."

"Nikikaa sinyanyuki." Aliegemea mlango. "Kwa watu wa viungo wameniambia hii soksi haiwasikii wao. Inawasikia nyie."

Akapandisha suruali.

Redempta aliangalia. Soksi ya kijivu kwenye mguu wa kulia. Soksi ya kijivu kwenye mguu wa kushoto.

"Kaka Sungi, unaumwa mguu upi?"

"Wa kulia. Huu wa kushoto nilikuja nao mzima."

Kitundu aliacha kutafuna karanga.

"Sasa kwa nini umevaa mbili?"

"Si mlinipa mbili?" Sungi alimshangaa. "Boksi nimefungua, zimo mbili. Wewe ukinunuliwa viatu unavaa kimoja?"

"Haikuuma?"

"Iliuma. Nikasema ndiyo dawa. Na yenyewe kila jioni inanipongeza, inasema upande wa pili unaendelea vizuri sana. Mimi ni nani nibishane na soksi?" Alijaribu kusimama kwa ncha ya mguu wa kushoto. Kisigino kilinyanyuka upana wa sarafu, kikatetemeka, kikaanguka. "Unaona? Jumatatu nina mtihani wa ngazi. Unasimama kwenye kipago kwa mguu mmoja dakika nzima, kisha mwingine. Ukishindwa wanakunyang'anya leseni ya kupanda. Mguu mbovu sasa naona utaweza. Huu mzima ndio haunibebi."

Redempta alifungua faili yake kwenye kioo. Kulia: alianza digrii kumi na tano chini ya usawa, leo yuko mbili juu. Safi kabisa. Kushoto: alianza ishirini, kama binadamu yeyote anayejitembelea. Leo thelathini na nne. Soksi ilianza kumvuta kwa robo digrii, ikapata uzoefu, sasa inakwenda mbili kwa jioni. Kwenye thelathini na sita mafundi walichora mstari mwekundu, na pembeni yake maneno machache: kuanzia hapa kano ya kisigino hairudi.

Kipindi kinachofuata: leo, saa kumi na mbili jioni.

"Umejaribu kuivua?"

"Haivuki. Nimejaribu mkasi, umevunjika mkasi."

"Usirudie! Ukikata uzi mmoja, zilizobaki zinajikaza zote kwa pamoja."

Soksi mpya zilikuwa na kufuli. Za mwanzo kabisa watu walizikodisha kwa timu za mpira, wachezaji wakanyooshwa mashavu ya miguu kwa saa za wagonjwa, Mfuko ukakasirika. Tangu hapo soksi ikishavaliwa haitoki mpaka saa ziishe au msimbo ubadilike.

Redempta alishuka mpaka mwisho wa faili. M62.479. Aliyeandika: R. Hango.

"Kaka, kuna kosa kwenye namba," alisema. "Nitalirekebisha kabla ya saa kumi na mbili."

"Kosa la nani?"

Swali lilikuwa jepesi, limeulizwa bila ubaya.

"Kaa pale nje kwenye benchi," alisema Redempta. "Nitakuita."

3

Kitundu alifunga mlango, akasimama kuuegemea.

"Kiti," alisema. "Ni kama kiti."

"Ndiyo."

Kwa soksi ya zamani, mtu wa viungo ndiye aliyechagua mguu. Anaiona tisa, anatabasamu, anavalisha palipo na shida. Mpya hazichaguliwi mguu, zinasoma msimbo. Ukiziambia upande haukutajwa zinatibu pande zote, kwa bidii na kwa upole. Zilikuwa zimefika wiki tatu zilizopita, na kati ya wale sitini na watatu saba walishavalishwa. Chumba kizima kilipiga makofi siku zilipofika. Hakuna aliyekumbuka tisa, kwa sababu tisa haikuandikwa popote. Na kisichoandikwa, unajua tena.

Redempta alimpigia Daktari Njiku, aliyekuwa kliniki ya kijijini.

"Daktari, Sungi Mkhandi. Mpanda minara. Mguu upi?"

"Redempta bwana," daktari alicheka. "Si unajua mimi huwa sikumbuki."

"Leo kumbuka."

Akamweleza kwa sentensi tatu. Upande wa pili alisikika mbuzi akilia.

"Kulia," alisema daktari. "Naandika sasa hivi. Mungu wangu. Kulia."

Maandishi yakaingia. Redempta akafuta tisa, akaweka moja, na kioo kikamuuliza sababu ya mabadiliko. Zilikuwa tatu tu za kuchagua. Mgonjwa amefariki. Hitilafu ya kifaa. Kosa la mweka misimbo. Chini yake nafasi mbili za gumba: la karani mwandishi na la karani shahidi.

"Hitilafu ya kifaa," alisema Kitundu. "Bonyeza, twende."

"Haina hitilafu."

"Imemvuta mtu mguu mzima! Kama hiyo si hitilafu ni nini, unyago?"

"Imefanya nilichoiambia. Wewe uliiambia kiti kina misuli, ikaamini."

"Dada mkubwa, nisikilize." Alivuta stuli akakaa karibu, na sauti yake ilikuwa imeishiwa mizaha. "Ukibonyeza kosa la mweka misimbo, Mfuko unafunga tisa zetu zote ili wazikague. Zote. Wale hamsini na sita wa soksi za zamani hawana ugomvi na mtu, wanapona taratibu. Wanazimiwa leo hii."

Hakumtaja mama yake. Hakukuwa na haja.

"Na wale sita wengine waliovaa mpya?"

"Nao tunawaripoti. Soksi mbovu, soksi mbovu, soksi mbovu. Saba, tumemaliza."

"Na wale wa semina, waliotufundisha? Na waliowafundisha wao? Kesho nao wanaletewa hizi mpya. Nani atawaambia?"

"Tutawapigia simu."

"Tutawapigia wangapi, Kitundu? Tunawajua?"

Redempta aliinama akaokota ile soksi ya mfano kutoka kwenye mguu wa kiti. Aligeuza pindo. Kila soksi mpya ilikuwa na kitambaa kidogo kimeshonewa ndani, jina la mfumaji. Hii, kama zile nyingine zilizokuja nayo, ilisema: Imefumwa na Zamda, Kiomboi.

"Ikiandikwa hitilafu, inarudi kwa huyu. Zikirudi saba anaambiwa aache kazi. Kafanya nini?"

"Zamda simjui," alisema Kitundu. "Mama namjua."

Akaingiza mikono yote miwili mfukoni, magumba yakiwa ya kwanza.

Redempta hakumlaumu. Alisimama, akawasha birika, kwa kuwa mtu akikosa la kufanya huwasha birika. Akawa anakodolea cheti cha pongezi na masharubu yake. Alikuwa amekipita kila siku kwa miaka mingi kama unavyopita kalenda ya mwaka jana. Safari hii alikisoma.

"Kitundu. Unajua kwa nini Mfuko hawajawahi kuongeza zile arobaini?"

"Wachoyo."

"Kwa sababu zinatosha. Soma hapo."

"Asilimia mia moja, ndiyo. Najua. Tulikunywa soda."

"Asilimia mia moja ya nani? Kila tuliyeona hatapona kwa arobaini, tulimpeleka tisa. Kwenye moja na mbili tukabakiza waliopona." Aligeuka. "Wanaangalia namba zetu, wanaona arobaini zinatosha. Miaka yote tunawaandikia zinatosha. Kwa mkono wangu."

Kitundu alikisoma cheti kimya kimya, midomo ikichezacheza. Halafu akasema, pole pole:

"Kwa hiyo mama atembelee cheti?"

Birika likachemka, likajizima lenyewe. Ilikuwa saa kumi na moja kasorobo.

4

Ilipobaki robo saa, Kitundu alipiga simu pale pale ofisini, kwa sababu nje kwenye benchi alikaa Sungi anajikanda.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Mama, ile soksi yako..."

"We acha tu! Leo nimesimama nikasonga ugali, mwanangu. Nimesimama mwenyewe, sijashika meza. Jirani kaja kuchungulia kama naigiza."

Kitundu alifumba macho.

"Mama, kuna mtu hapa. Mpanda minara. Tulimwandikia kama wewe, ila soksi yake ni hizi mpya, inamharibu mguu mzima. Saa kumi na mbili ikimvuta tena, basi. Kumtoa inabidi nitie gumba, na nikitia gumba yako inazimwa."

"Inazimwa mpaka lini?"

"Sijui, Mama."



"Usiniulize," alisema Mama Kitundu.

"Mama, mimi nataka tu..."

"Nasema usiniulize. Ukiniuliza nitakwambia usiizime. Sasa mbona unataka kuniuliza?"

Akakata.

Kitundu aliishika simu kama kitu alichookota njiani. Kupitia dirishani walimwona Sungi ameikunjua miguu yake, ameikalisha sambamba, anaisubiri saa. Halafu, laini, yenye adabu, sauti ya soksi ikapenya dirishani:

"Zimebaki dakika kumi kabla ya kipindi chako. Tafadhali kaa mahali penye starehe."

Sungi akajisogeza kwenye benchi, akakaa vizuri. Alitii. Hilo ndilo lililomshinda Kitundu, alivyotii.

Alikuja mezani akatoa gumba. Redempta, kwa mazoea ya miaka saba, alikipangusa kioo kwanza kuangalia gundi.

"Leo hakuna," alisema Kitundu.

Redempta alichagua sababu ya tatu. Kioo kikampa nafasi ya maelezo, mistari miwili. Aliandika: *Hatukusahau upande. Tuliujua, tukaandika tisa kwa wote 63 ili wapate saa zaidi.* Akaweka gumba lake. Kitundu akaweka la kwake, akalibonyeza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Majina sitini na matatu yalianza kugeuka kijivu kutoka juu kwenda chini, moja moja, bila haraka. La mama yake lilikuwa la hamsini na nane. Alisubiri mpaka likafika.

Nje soksi ililia mlio mdogo. "Msimbo umebadilika. Upande wa kushoto, hakuna tatizo. Samahani kwa usumbufu." Ikalegea, ikateleza mpaka sakafuni kama gamba la nyoka. Ya kulia ilibaki mguuni, iendelee na arobaini zake.

Redempta alitoka akakaa kwenye benchi pembeni ya Sungi.

"Uliniuliza kosa la nani," alisema. "Ni langu mimi."

Akamweleza yote, tisa na huruma yake, mpaka cheti. Sungi alisikiliza huku anausugua ule mguu wa kushoto, uliojaa alama za nyuzi.

"Kwa hiyo mlitaka kunisaidia."

"Ndiyo."

"Bila kuniambia."

"Ndiyo."

"Utarudi huu?"

"Daktari anasema kwa thelathini na nne unarudi. Miezi mitatu, minne, ukiupumzisha."

"Mtihani ni Jumatatu, dada."

"Najua, kaka."

Sungi aliokota soksi ya kushoto, akaikunja vizuri kama mtu aliyelelewa, akamwekea Redempta mapajani. Akashika ukuta, akaenda zake.

5

Mfuko ulijibu kwa barua fupi. Makarani wawili wataitwa kujieleza mwisho wa mwezi. Kabla ya hapo wawaite wagonjwa wote sitini na watatu, wawapime upya, waandike kila mmoja upande wake wa kweli.

Mama Kitundu aliletwa siku ya tisa. Alikuwa mama mfupi, mkali wa macho, na mkongojo alioushika kama anatafuta wa kumpiga. Akakalishwa kwenye kile kiti cha Redempta, ambacho Kitundu alikuwa amekigongea mguu mpya kwa misumari minane, adhabu aliyojipa mwenyewe.

"Mwanangu," Mama Kitundu alimwambia Redempta, "mwambie huyo mwenzako asogeze stuli niweke mguu."

"Mama, nipo hapa," alisema Kitundu.

"Mwambie nimemsikia."

Stuli ikasogezwa. "Mwambie asiwe anakanyaga sketi yangu." Ikaachiwa nafasi. Hivyo ndivyo walivyoongea tangu ile jioni, kwa kupitia watu. Wiki nzima alikuwa anamtuma jirani amwambie mwanawe kwamba chakula kiko tayari.

"Simama kidogo, Mama, tukupime," alisema Redempta.

Alisimama, ameshika meza. Kitundu alipiga magoti, akapenyeza vidole chini ya kisigino cha kushoto kama alivyofanya Jumapili zote. Kimoja. Viwili. Akajaribu cha tatu, na kikaingia mpaka nusu.

"Viwili na nusu," alisema, akiwa bado chini.

Hakuna aliyetangaza ligi.

Mama Kitundu alikaa tena. Alitazama huku na huku ili asimtazame mwanawe, na macho yakaangukia ukuta wa birika.

"Pale pameandikwa nini? Pale penye masharubu."

Redempta alimwachia Kitundu asome.

"Wagonjwa wote wa mguu mmoja waliotibiwa kwa saa arobaini," alisoma Kitundu, "wamepona."

"Wote?"

"Wote, Mama."

Kwa mara ya kwanza baada ya siku tisa alimgeukia moja kwa moja.

"Kina nani hao?"

Mama Kitundu aliuangalia mguu wake kwenye stuli, akauangalia ukuta, akauangalia tena mguu.

"Basi na mimi niandikeni," alisema. "Kwa jina langu lote."

Redempta alivuta kioo. M62.47. Kidole kilikwenda chenyewe kwenye tisa, kilishazoea njia. Akakirudisha, akabonyeza mbili. Kushoto. Saa zilizotolewa: arobaini, na Mama alishazipita zamani. Kwenye nafasi ya matokeo, ambayo tangu aanze kazi hakuwahi kuijaza isipokuwa kwa neno moja, aliandika: *Hazikutosha.* Mfumo ukauliza kiasi gani. Akaandika vidole. Mfumo ukakataa, unataka digrii. Akaandika digrii, kisha kwenye maelezo akarudi kule kule. *Kisigino kiko juu ya sakafu, vidole viwili.*

Mama Kitundu alikuwa amenyoosha shingo, anafuatilia herufi moja moja.

"Na nusu," alisema. "Usiisahau nusu."